Mtapewa Mengine

Mteja wa mwisho kwenye foleni hakuwa na chupa mkononi. Rukaya alimsikia kwanza kwa harufu, harufu ya udongo uliolowa, na huo ulikuwa mwezi wa Septemba, Dodoma, mvua bado miezi mitatu.

Mwaka ni tisini na tano, maduka ya dawa ya watu binafsi yakichipuka kila mtaa. Wiki ile redio ilitangaza kwamba dawa fulani ya matone ya macho imeingiwa na vijidudu kiwandani, kila aliyenayo airudishe alikoinunua. Mzee Vithaldas, mwenye duka pale mtaa wa Kikuyu, akamwambia Rukaya, muuzaji wake, abandike tangazo. Rukaya akaandika mbiombio kwenye kipande cha boksi: DAWA YA MACHO IRUDISHWE HAPA. MTAPEWA MENGINE.

Dawa ni nyingine. Mengine ni macho. Wateja walisoma wakaelewa, maana binadamu husameheana sarufi.

"Karibu, mama. Umeleta dawa?"

"Nimeleta macho," mwanamke akasema taratibu. "Yameharibika. Mmeandika nitapewa mengine."

Akafunua kiganja chenye macho mawili yaliyonyauka. Kisha akasogeza mtandio, na pale macho yanapokaa palikuwa na ngozi tupu. Uso ule ukageukia chini ya kaunta, alikokuwa Yusra, binti wa Rukaya wa miaka minne, akichezea maboksi.

"Yale yananitosha. Kesho adhuhuri nitayafuata."

Rukaya alichana tangazo, akambeba mtoto mbio hadi kwa Maalim Swalihu, mganga wa majini.

"Nani kaandika?" Maalim akauliza kwa sauti ya chini.

"Mimi, Maalim."

"Kuchana hakusaidii, keshasoma. Na popote utakapomficha mtoto atamfuata." Akamtazama Rukaya machoni. "Ila hukuandika macho ya nani. Hilo bado liko mikononi mwako."

Kesho yake Mzee Vithaldas alipokwenda kula, Rukaya akabaki dukani na Yusra mapajani, na adhana ilipokwisha inzi wakanyamaza, chupa zikaanza kugongana zenyewe kabatini, harufu ya udongo ikajaa, na kutoka mlangoni zikaja kwato juu ya saruji, moja, nyingine, bila haraka, mpaka zikasimama mbele ya kaunta. Aliogopa mno. Lakini alimpenda mtoto kuliko alivyoogopa.

"Chukua yangu," akanong'ona. "Aliyeandika ni mimi."

Baridi ikampitia usoni, na mchana ukazimika.

Siku hizi Yusra ndiye anayemshika mkono mama yake kumpeleka sokoni. Juzi alisimama ghafla njiani.

"Mama, kuna mtu ng'ambo ya barabara. Ana macho yako."

Rukaya akamvuta karibu. "Anafanya nini?"

"Ananiangalia tu," mtoto akasema. "Kama ulivyokuwa unaniangalia wewe."