Besi Iliyopotea Ukumbini

Duka la spika Jumamosi asubuhi si mahali pa mtu mwenye kichwa kinachouma. Kila muuzaji amefungulia wimbo wake, kila mnunuzi anauliza bei kwa kupayuka, na mlangoni watu wanabanana kana kwamba ndani kunagawiwa vya bure. Katikati ya vurumai hiyo alisimama msichana mmoja, gauni la manjano, raba nyeupe, kilemba kakilaza upande kwa maringo. Alikuwa amefumba macho, na kiganja amekibandika kwenye spika kubwa kama daktari anayetafuta homa.

"Dada, unaumwa?" sauti ya kiume ikamuuliza.

"Nasikiliza."

"Kwa mkono?"

"Besi husikilizwa kwa mkono, kaka. Masikio ni ya umbea."

Aliyeuliza alicheka mpaka mabega yakatikisika, na mabega yenyewe, tusidanganyane, yalikuwa ya kutazamwa. Alivaa ovaroli la buluu lililombana panapostahili kubana, na waya amezizungusha begani kama mcheza na nyoka. Alikuwa fundi wa mitambo katika ukumbi wa dansi, na wote walimwita Fundi Spika. Msichana naye mtaa mzima ulimwita Binti Besi, maana kazi yake ilikuwa kutengeneza kwa kompyuta zile sauti nzito za muziki, za chini kabisa, zinazokuingia miguuni kabla hazijafika masikioni.

Mwenye macho haambiwi tazama. Kabla duka halijapungua watu, kila mmoja alikuwa na namba ya mwenzake.

Basi simu zikaanza.

"Laazizi, umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Mimi nashiba nikisikia sauti yako."

"Basi leo utalala njaa, maana nakata nifanye kazi."

Na kazi alikuwa nayo kweli. Kundi moja la wachezaji lilitafuta mtengeneza muziki wa kudumu, na kiongozi wake, mama mrefu asiyecheka ovyo, alimpa Binti Besi wimbo mmoja wa majaribio. Ukimpendeza, binti amepata kazi ya ndoto zake. Usipompendeza, atarudi kutengeneza nyimbo fupi za matangazo ya sabuni. Binti Besi aliapa kwamba yeye na sabuni sasa watakutana bafuni tu.

Akaanza kuifinyanga besi. Hakutaka besi ya kukaa pahali pamoja kama gunia la mkaa. Alitaka itembee, ipumue, ianze imejifunga kisha ifunguke taratibu, ienee kushoto na kulia mpaka msikilizaji ajione amesimama ndani yake. Akaichukua sauti moja akaifanya mbili: moja ya sikio la kushoto, nyingine ya kulia, na hiyo ya kulia akaigeuza, wimbi lake likawa juu chini. Alipovaa hedifoni, lo! Besi ilikuwa pana kama uwanja wa mpira. Akajipigia makofi mwenyewe.

Siku ya kusikilizwa, katika ukumbi uleule wa dansi, wachezaji wamejipanga, kiongozi ameketi mbele, Fundi Spika yuko kwenye mitambo yake anatabasamu kama bwana harusi. Wimbo ukaanza. Ngoma zikasikika, vinanda vikasikika, na pale besi ilipotakiwa kuingia kwa kishindo... hola. Shimo tupu.

"Besi iko wapi?" kiongozi akauliza.

Fundi Spika akazungusha vitufe, jasho likamtoka, ulimi ukamponyoka. "Labda imetoka kidogo kwenda sokoni."

Wachezaji wakaangua kicheko. Binti Besi akahisi uso unawaka.

"Umeipunguza!"

"Mpenzi, sijagusa kitu."

"Usiniite mpenzi mbele ya watu unaowachekesha kwa jina langu! Kama uliona wivu nikipata kazi, ungesema!"

"Mimi? Wivu?"

Kiongozi akainuka. "Ugomvi wenu si dansi. Binti, rudi Jumatano mchana. Hakuna mara ya tatu."

Nyumbani kwa shangazi yake alikoishi, simu iliita, ikanyamaza, ikaita tena.

"Hiyo simu itapasuka," shangazi akasema akimenya viazi.

"Na ipasuke."

Binti akachukua redio ya jikoni, yenye spika moja iliyobonyea, akaichomekea wimbo wake ili ahakikishe kwamba aliyemharibia ni yule mwanamume. Wimbo ukapiga mwanzo hadi mwisho.

"Leo umenionea huruma," shangazi akasema. "Siku zote sahani zangu zinacheza kabatini. Leo zimetulia."

Binti Besi akaganda. Redio ya spika moja huchanganya kushoto na kulia vikawa kitu kimoja. Kumbe ukumbini nako ndivyo Fundi alivyounga, ili aliye kona hii na aliye kona ile wasikie sawa. Na zile besi zake mbili, moja wima na nyingine juu chini, zikikutana ni kama watu wawili wa nguvu sawa, huyu anasukuma mlango huku mwenzake anausukuma kwa upande wa pili. Mlango hauendi popote.

"Shangazi, nimemtukana mtu bure."

"Yule wa ovaroli?"

"Umemjuaje?"

"Kila jioni anapita hapa nje, anajifanya anakagua nguzo ya umeme."

Binti akacheka huku machozi yanamlenga. Lakini hakushika simu. Alijua akimsikia tu, atayeyuka, na Jumatano haimsubiri anayeyeyuka. Kwanza besi.

Akaivunja yote. Safari hii sehemu ya chini kabisa, ile yenye uzito, akaiacha moja tu, katikati, haigeuzwi wala haigawanywi. Juu yake akaweka nyingine nyepesi, yenye mikwaruzo, hiyo ndiyo akaitandaza pembeni na kuitembeza, ikifunguka na kujifunga kama pumzi ya mtu aliyelala. Kila akibadilisha, anakimbilia redio ya jikoni. Bado. Anarudi. Bado. Mpaka sahani zikaanza kulia kabatini, na shangazi naye akalia kuwa zitavunjika.

Ndipo akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Juu ya ngazi," Fundi Spika akajibu. "Natenganisha spika za ukumbi, kushoto mbali, kulia mbali. Besi yako itasikika."

"Na watakaosimama kushoto watasikia nini?"

"Nusu wimbo."

"Basi shuka, na waya uzirudishe zilivyokuwa. Nimeshaitengeneza. Sitaki ukumbi unibebe."

"Hujanikasirikia?"

"Nimekukasirikia sana. Nilikusingizia, nisamehe. Lakini uliwachekesha watu kwa jina langu, na hilo hujaniomba radhi."

"Nisamehe, mahabuba. Ulikuwa woga. Nikiogopa, mdomo unatangulia."

"Hapo sawa. Shuka polepole. Nakutaka na miguu yote miwili."

Jumatano besi iliingia. Iliingia sakafuni, ikapanda magotini, ikazunguka kuta zote na kurudi, na wachezaji walianza kucheza kabla hawajaamriwa. Wimbo ulipoisha, kiongozi akainuka.

"Tunaondoka mwezi ujao, miji mingi. Funga mizigo."

Ukumbi ulipobaki mtupu, Fundi Spika alikuwa anakunja waya ambazo hazikuhitaji kukunjwa.

"Mbona umenyong'onyea?"

"Nafurahi. Hongera. Ila unaondoka."

"Naondoka, na nitarudi. Lakini mimi mchumba wa kuning'inia kwenye simu simtaki. Keshokutwa mlete mjomba wako kwa shangazi, mseme mnachokitaka."

Waya zikamponyoka. "Keshokutwa? Na shangazi akikataa?"

"Hakatai. Nimeshamwambia."

"Lini?"

"Ulipokuwa ungali juu ya ngazi. Kabla sijakupigia."

Fundi Spika akatafuta kiti, asikione, akakaa sakafuni.