Bakuli Lililorudi Tupu

Asubuhi soko la Uvira likichangamka, ukisimama bila kununua utasukumwa mpaka ununue. Ndivyo ilivyompata kijana mmoja mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, mikono imekunjwa mpaka kwenye viwiko. Motari wa pikipiki alimpigia honi, mama wa ndagala, vile visamaki vya ziwa, akamgusa kwa beseni lenye maji, na mwisho akajikuta mbele ya magunia ya Kaneza.

Kaneza alikuwa binti wa kijiji cha Luberizi, akiuza mchele wa kwao. Siku ile alivaa libaya, blauzi ya kitenge cha kijani chenye ndege wa njano, na kilemba cha kitambaa kilekile kimefungwa upande kidogo. Akamtazama yule kijana akichota punje chache, akizivunja kwa meno taratibu kama panya mwenye adabu.

"Papa, ule mchele ni wa kupika," Kaneza akasema. "Mbichi tunaachia kuku."

"Niko natafuta ule unaoshikana kidogo bila kuwa uji. Nataka kuufunga ndani ya majani ya shu, ya kabichi."

"Kuufunga? Umekukosea nini, masikini?"

Kijana akacheka, na alipocheka uso wake ukawa wa mtu mwingine. Jina lake Sévère, yaani "mkali" kwa Kifaransa, mtu wa Kalundu, pale bandarini. Alikuwa amerudi kutoka Istambul, ambako alikwenda kusoma akaishia jikoni, katika hoteli ndogo ya chakula. Juu ya jiko lile aliishi mama mjane kutoka Bosnia, na yeye ndiye aliyemfundisha kukunja mchele na nyama ndani ya jani la kabichi, chakula wanachokiita sarma. Sasa Sévère alitaka kufungua meza yake mwenyewe Uvira.

"Jina lako ni la kutisha," Kaneza akamwambia akimpimia mchele, "lakini mdomo wako ni laini. Ukiniharibia mchele, usirudi."

Akarudi. Alileta vifungo viwili vya sarma ndani ya karatasi. Kaneza alikula polepole, macho yake yakiangalia mbali.

"Iko muzuri," akasema. "Lakini kuna kitu kinakosa."

"Najua. Ndiyo maana sijafungua. Nakumbuka ladha, mkono hauikumbuki. Ningeonja mara moja tu kile kilichopikwa sawasawa, ningejua. Wanasema Bujumbura chakula cha Kigiriki na cha Kituruki bado kipo. Weye hauendi kule?"

"Minye naenda kununua magunia. Kama tutakutana njiani, njia si yangu."

Wakakutana njiani. Walivuka mpaka wa Burundi pale Kavimvira asubuhi, Kaneza na mkoba wake wa ukindu, Sévère na viatu alivyovipaka rangi mpaka vikametameta. Bujumbura ni mji mkubwa, na njaa ya kitu kimoja huufanya uwe mkubwa zaidi. Mahali pa kwanza palikuwa na nguzo za saruji zilizopakwa nyeupe na buluu. Wakaletewa mishikaki ya mbuzi na ndizi za kukaanga.

"Hawa Wagiriki ni wa mji wa Ngozi, hapahapa Burundi," Kaneza akanong'ona, na Sévère nusura apaliwe na maji.

Mahali pa pili nyama ilikuwa inazunguka kwenye chuma mbele ya moto, kama ya Waturuki kweli. Lakini mkate ulikuwa baridi na mchuzi ulitoka kwenye chupa. Sévère alitafuna kama mtu anayepewa habari ya msiba. Kaneza, aliyekuwa na vicheko vingi tangu asubuhi, akaacha kumtania. Aliona kwamba mtu huyu hakuwa anatafuta chakula tu. Miaka yake yote ya ugenini ilikuwa ndani ya jani lile.

Dereva wa teksi ndiye aliyewaelekeza kwenye nyumba ya zamani ya mfanyabiashara Mugiriki. Mwenyewe alikwisha kufa. Mpishi wake, mama Annie, Murundi mwenye nywele nyeupe na aproni ya maua, alibaki akiweka meza chache kwenye baraza. Akawaletea bilingani zilizopangwa na nyama ya kusaga, maziwa ya mgando yenye tango na kitunguu saumu, na sahani ya majani ya kabichi yaliyokunjwa, mchuzi wa yai na ndimu juu yake.

Sévère akaweka moja mdomoni, akafumba macho.

"Mama, umetia nini?" hatimaye akauliza.

"Hakuna nilichotia, mwanangu. Weye unakipika na kukila siku moja?"

"Ndiyo."

"Basi ndio ugonjwa wako. Chakula hiki kinalala kwanza. Kinapikwa leo, kinafunikwa, kinaliwa kesho. Jani na mchele lazima vizoeane."

Walirudi jua likishuka kuelekea milima ya Uvira. Ziwa lilikuwa limetulia kama mafuta ndani ya kikaango.

"Patron, bosi wangu wa Istambul, ananiita," Sévère akasema bila kumtazama. "Jiko langu linaningojea."

"Na weye unasema nini?"

"Minye natafuta sababu ya kukaa."

Kaneza akavuta mkoba wake mapajani. "Sababu ikikuona unaitafuta, labda nayo itakuja kidogo," akasema.

Siku chache baadaye, Kaneza alipokuwa akienda kwao Luberizi, Sévère akampa bakuli la emaili, jeupe lenye ukingo wa buluu na kifuniko, zawadi aliyoagwa nayo na yule mjane. Ndani mlikuwa na sarma iliyolala usiku kucha.

"Mupelekee mama na koko wako. Waniambie."

Luberizi walikula mpaka mchuzi wa mwisho. Koko Pudentienne, mama yake mama, alilamba kidole, akauliza kilipikwa vipi, na Kaneza akamweleza habari ya kulala kwake. Kisha koko akasema, "Osha bakuli. Lisilale hapa."

"Koko, niweke hata viazi vichache ndani?"

"Hapana. Bakuli la mwanaume asiyeleta wazee wake halilali kwetu, wala halijazwi. Ukilijaza, umejiozesha mwenyewe. Likirudi safi na tupu, linamwambia: tumeonja, tumependa, sasa leta wazee wako."

Kaneza alilisugua kwa majivu mpaka likang'aa, akalifunga kwa kitambaa kipya, akalituma Uvira mchana uleule kwa gari la mpunga. Jioni akapiga simu.

"Allo, Sévère. Umepata bakuli?"

"Nimelipata."

"Umelifungua?"

"Nimelifungua. Nimeelewa."

"Umeelewa vizuri?"

"Vizuri kabisa. Aksanti, Kaneza. Musalimie koko."

Kawaida alimwita "cheri wangu wa mchele." Leo Kaneza tu. Lakini furaha haina masikio. Alidhani ni heshima ya mtu anayekwenda kuwaona wajomba zake. Akanunua kitenge kipya cha buluu, akakipeleka kwa fundi.

Siku zikapita. Simu ikaita bila kujibiwa, kisha ikawa haiiti kabisa. Kitenge kikatoka kwa fundi, akakikunja akakiweka. Ndipo Honorine, yaya yake Sévère, yaani dada yake mkubwa, akaja sokoni, akasimama mbele ya magunia bila salamu.

"Kaneza, juu ya nini ulimurudishia mudogo wangu bakuli bule, bila kitu ndani?"

"Bule namuna gani, yaya? Nililiosha na mikono yangu."

"Kule alikokaa, bakuli la jirani halirudi bule. Hata ndimu moja wanaweka. Bule ni kusema: usilete tena. Alilifungua, akakaa nalo mapajani mpaka ugali ukapoa. Juma hili anavuka Buja kupanda ndege."

Kaneza aliacha magunia kwa jirani yake, akapanda gari la Luberizi. Koko alisikiliza yote, akachambua maharage, akasikiliza tena.

"Siwezi kuvunja desturi ya mama yangu kwa ajili ya mjane nisiyemjua," akasema. "Leo ukimpelekea chakula, kesho watasema tulimwita."

Kaneza hakubishana. Alitupa macho kwenye chungu kilichofunikwa pembeni ya ukuta, ambamo uliwekwa mpunga wa mbegu ya msimu ujao.

"Koko, mbegu ni chakula?"

Mikono ya mzee ikasimama juu ya maharage. Akamtazama mjukuu wake kama mtu anayepima kitambaa.

"Mbegu si chakula," akasema mwishowe. "Mbegu ni kazi. Chota."

Kesho yake Kaneza akaingia uani kwa Honorine amevaa kile kitenge cha buluu. Sévère alikuwa anakunja mashati. Alipomwona, alibaki na shati moja mkononi, nusu limekunjwa.

"Bakuli langu liko wapi?" Kaneza akauliza.

"Bakuli lako? Si ulilirudisha?"

"Lilete."

Akalileta. Kaneza akafungua kifundo cha kanga yake, akamimina mpunga ndani, wenye maganda yake, mpaka ukingo wa buluu.

"Kwetu bakuli tupu ni kusema leta wazee. Mjane wako hakujua, na minye sikujua ya kwake. Ule mpunga hauliwi, Sévère. Unapandwa, kisha mtu anakaa kuungojea. Kama unaenda, umwage hapa, kuku wa Honorine watashukuru."

Sévère alitia vidole ndani ya mpunga, akavituliza humo.

"Nilidhani umenifukuza kwa adabu," akasema.

"Minye sifukuzi kwa adabu. Uliza watu wa soko."

Akacheka, na macho yake yakalowa. "Cheri wangu wa mchele. Mjomba wangu Étienne anaweza kuja Jumapili. Koko atanipokea?"

"Weye njoo na bakuli."

Jumapili wakaja, mjomba Étienne amevaa koti licha ya joto, Sévère nyuma yake amelishika bakuli kwa mikono miwili. Wazee walisema yao, wakajibiwa yao. Kisha koko Pudentienne akaliomba bakuli, akafunua kifuniko, akanusa sarma.

"Kimelala?" akauliza.

"Hapana, koko," Sévère akajibu. "Nimekipika leo asubuhi."

Koko akamtazama, akamtazama na Kaneza aliyesimama mlangoni. Kisha akarudisha kifuniko taratibu, akakibana kwa kiganja.

"Basi wekeni ndani," akasema. "Kitalala hapa."