Malizia Neno

Sogeeni. Sogeeni karibu na moto, muwaachie nafasi wale wa nyuma. Dieumerci, zima hiyo redio. Anayetafuna atafune polepole. Nataka kimya kile cha kusikia jivu likianguka, kwa sababu hadithi hii ina neno moja ndani yake, na neno hilo sitalisema kwa nguvu.

Palikuwa na binti hapa Kasuku, Bibiche, mtoto pekee wa Mama Nicole muuza sombe, yale majani ya muhogo. Sauti alikuwa nayo. Ikipanda, hata wenye pikipiki walipunguza mwendo mbele ya kanisa. Kasoro yake ilikuwa moja tu: alimeza mwisho wa maneno. "Asubuhi" kwake iliishia "asubu..." Mama yake naye alisema vivyo hivyo, na mtoto hakuwahi kuuliza kwa nini.

Alhamisi kabla ya Pasaka, mwalimu wa korali, Florentin, aliusimamisha wimbo katikati.

"Bibiche! Solo niliyokupa iko na mistari mitatu. Weye unaniimbia miwili na nusu. Malizia neno!"

"Maestro, minajaribu..."

"Mumuache," akasema Princesse, aliyeitamani solo hiyo tangu Noeli. "Maneno amekula yote. Leo Mama Nicole asimupikie fufu, mutoto ameshiba."

Korali nzima ikacheka. Florentin naye akacheka, halafu akasema taratibu, "Jumapili neno likikatika tena, solo ni ya Princesse."

Jioni hiyo mama yake alimtuma akanunue makala ya kupikia, nyuma ya reli. Jua lilikuwa linazama. Bibiche alitembea na mfuko mtupu begani, anajiimbia chini kwa chini ule mstari uliomshinda.

"Asubuhi imefika, toke..."

"...ni."

Mtu alimalizia.

Bibiche akasimama. Ilikuwa sauti nene, kama ya watu wengi wanaoimba wakiwa wamefunikwa blanketi. Lakini mlangoni pa nyumba iliyokuwa kando ya njia aliketi mtu mmoja tu: Mama Philomène, mama wa Florentin. Na Mama Philomène tangu vita hakuwa na sauti. Alinong'ona tu. Katikati ya magoti yake alishika nyungu nyeusi ya udongo, yenye mdomo mpana.

"Jambo, Mama Philo."

"Jambo, mutoto ya Nicole," akanong'ona. "Florentin ameniambia. Unameza maneno. Kuja. Inama. Imbia mu nyungu."

Akamfundisha. Pumzi ichukuliwe kwa kitovu, si kwa mabega. Taya ilegee. Penye *n*, ulimi ukae nyuma ya meno, usikimbie mpaka sauti iishe yenyewe. Bibiche akaingiza uso ndani ya nyungu, akaimba, na sauti yake ikamrudia ya mviringo, safi, kama si yake. Kila alipodondosha mwisho wa neno, nyungu iliuokota.

Alirudi Ijumaa. Alirudi Jumamosi. Siku hiyo ya tatu, harufu ikatoka mle ndani: majani mabichi, moshi wa zamani. Na chini ya sauti yake akasikia kitu kingine.

Moja... mbili... tatu...

Walikuwa wanahesabu. Mmoja mmoja, wakubwa na wadogo.

...kumi... kumi na moja...

"Iko moja bado."

Bibiche akauchomoa uso wake. "Mama! Ni nani mule?"

"Ni mwangwi, mutoto yangu."

Ninyi mulishasikia mwangwi unaohesabu?

"Kesho mama yako akuje kukusikiliza," Mama Philomène akanong'ona. Macho yake yalikuwa makavu. "Umuombe sana."

Nyumbani, Mama Nicole alikuwa anatwanga sombe. Bibiche aliwasha moto, na mdomo ukaanza kuimba bila yeye kufikiri. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. "Asubuhi imefika, toke..."

Mkono wa mama ukamziba mdomo. Mkono mbichi, wa kijani.

"Usilimalizie! Nani amekufundisha?"

"Mama Philo."

Mama Nicole akaketi chini, palepale penye mabua ya sombe. Ndipo akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema.

"Wakati ya vita tulikuwa mu pori, ng'ambo ya reli. Watu kumi na mbili. Philomène alibaki huku kuchunga njia, sababu sauti yake ilifika mbali. Tulipatana naye: akiimba hili neno nzima, njia ni safi, tutoke. Akimeza mwisho, tukae. Asubuhi moja akaimba. Akameza. Mimi kwa woga nikaziba masikio na vidole, nikalala chini ya majani."

"Halafu?"

"Watu wa bunduki walikuwa nyuma yake. Mukubwa wao alikuwa anapenda nyimbo. Philomène aliniambia yeye mwenyewe, kabla sauti yake haijakauka. Ule muntu alisikiliza, akafunga macho, akasema, 'Mama, umemeza. Malizia neno.' Na mudomo wa bunduki uko juu ya kichwa ya mutoto mugongoni. Ule mutoto njo Florentin."

Moto ulilia tii, tii.

"Nilipotoa vidole, wenzangu walikuwa wametoka tayari, mikono juu. Wote kumi na moja. Waliwaulia pale chini ya reli. Mimi lile neno sikulisikia. Mupaka leo sijalisikia. Kwa ile njo niko hai. Kwa ile njo nilikufundisha kusema nusu."

Kumi na moja. Iko moja bado. Bibiche akaushika ule mkono wa kijani wa mama yake.

"Nitalimeza, Mama. Nakuapia."

"Limeze. Na mimi nitabaki nyumbani."

Pasaka, kanisa lilijaa mpaka madirishani. Mama Philomène aliketi mbele kabisa. Florentin akainua mkono. Bibiche akavuta pumzi kwa kitovu, kama alivyofundishwa, akaimba mstari wa kwanza. Watu wakaacha kujipepea. Akaimba wa pili. Wazee wakafuta macho. Katika safu ya pili ya korali, Princesse alikuwa anatabasamu, anangoja neno likatike.

Mstari wa tatu.

Hakuna aliyemshika ulimi, watoto wangu. Mimi sitamtetea. Alifikiri: Mama yuko nyumbani. Nyumbani ni mbali. Neno ni moja tu. Ulimi wake ukagusa nyuma ya meno, ukakaa.

"Tokeni."

Zima. Safi.

Kanisa likashusha pumzi. Halafu ikaja harufu. Majani mabichi...

Bibiche akatazama mlangoni. Mama Nicole alikuwa amesimama pale, amejifunga kikwembe chake cha sikukuu. Alikuja kuiba mistari miwili tu ya mtoto wake. Vidole alikuwa ameviweka tayari masikioni. Lakini mistari hiyo miwili ilikuwa mizuri mno, naye akashusha mikono apige makofi.

Uso wake ukawa uso wa msichana. Akainua mikono yote miwili juu ya kichwa. Akageuka. Akatoka.

"Amina!" akasema Mama Philomène. Kwa sauti. Sauti kubwa, nzuri, isiyo na mkwaruzo wowote.

Bibiche akafungua mdomo amwite mama yake arudi.

Pumzi tu.

Akajaribu tena. Pumzi tu. Na watu walikuwa wamesimama, wanapiga makofi, wamejaa njiani, Florentin analia kwa furaha na kumwambia, "Umemalizia! Umemalizia!"

Mama Nicole walimkuta chini ya reli, amekufa, amelala kifudifudi, mikono mbele ya kichwa. Kidonda hakuna. Nywele zake zilijaa majani ya pori, na pale chini ya reli hakuna hata mti mmoja.

Basi, kila mtu alipata chake. Mama Philomène alirudishiwa sauti. Aliimba siku arobaini, akafa akiimba. Princesse alirithi solo. Florentin alirithi nyumba ya nyuma ya reli, na mpaka leo anawaambia wanakorali wake: malizia neno.

Bibiche alirithi mnong'ono. Na nyungu. Aliijaza mchanga. Aliitupa mtoni, Lualaba, mara mbili. Asubuhi iko mlangoni pake, kavu.

Jioni zingine huinama, akaingiza uso, kwa hamu ya mama yake. Na anamsikia kweli. Wanahesabu, mmoja mmoja. Kumi na moja. Kumi na mbili. Halafu wote wananyamaza, na Mama Nicole peke yake, kwa sauti isiyomeza kitu, anamwita mtoto wake, anamalizia:

"Iko moja bado."