Sajini Sostenes Arudi Uraiani

"Sostenes, shuka!"

Alikuwa juu ya paa la nyumba ya mfanyabiashara mmoja wa almasi pale Maganzo, spana mkononi, dishi la televisheni limeegemea goti lake. Aliijua ile sauti kabla hajageuka. Chini, kando ya bajaji iliyokuwa bado inanguruma, alisimama mchumba wake, Violeth, mikono kiunoni.

"Violeth? Umefikaje huku?"

"Kwa bajaji. Wewe je, umefikaje? Si uko Geita, mgodini?"

Masudi, mwenye duka la madishi, alikuwa ameshika ngazi. Alimtazama huyu, akamtazama yule, akaiachia ngazi.

"Mimi naenda kununua soda," akasema, akatokomea.

Sostenes alishuka taratibu, akishika kila kipandio kwa mikono miwili. Miaka kumi na miwili jeshini alikuwa amepanda minara bila woga, leo ngazi ya paa ilimtisha.

"Jana nilikwenda Geita," Violeth alianza. "Niliomba ruhusa zahanati, nikapika kuku wa kienyeji, nikapanda basi la alfajiri kutoka Runzewe. Nikajisemea, ngoja nimshtukize mwenzangu siku yake ya kuzaliwa. Mlinzi wa getini akapekua orodha ya wafanyakazi mara tatu. Ile ya tatu alikuwa ananionea huruma tu, Sostenes. Akanipa kiti."

"Violeth, nisikilize..."

"Akanipa kiti! Kama mtu aliyeletewa habari za msiba! Nikampigia dada yako Eufrasia, kule Ngokolo. Alilia kwanza, ndipo akaniambia uko wapi."

"Nilitaka kukuambia."

"Lini? Tukiwa madhabahuni?"

Sostenes akafuta mikono kwenye suruali. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na kwa kukosa pa kuificha, akageuka mkali.

"Unajua niliacha jeshi kwa ajili ya nani? Kwa ajili yako!"

Violeth alimsogelea. Alipoongea, sauti yake ilikuwa chini.

"Nilikuomba? Miaka minne nimekungoja, siku kumi za likizo hapa, wiki mbili pale. Ukaja mwenyewe ukasema umechoka kuniona kwenye simu. Nilifurahi, sikatai. Lakini usinitwishe uamuzi wako."

"Sema tu unaona aibu kwa sababu nafunga madishi ya watu."

"Mama yangu ameuza dagaa mpaka nikamaliza chuo cha uuguzi. Kazi gani itanitia aibu mimi? Lakini miezi mitatu unaniandikia kila jioni, leo tumepandisha mnara, leo bosi kanisifu. Nami nawasimulia wenzangu zahanati. Kumbe ulikuwa unatunga!"

Akapanda bajaji. Hakugeuka nyuma.

Ukweli ni kwamba Sostenes hakuanza kwa nia ya kudanganya. Jeshini alikuwa sajini, fundi wa mawasiliano ya setilaiti. Kikosi kikifika porini pasipo na mtandao wowote, yeye ndiye aliyesimamisha dishi, akalielekeza angani, na hakutulia mpaka sauti ya makao makuu isikike. Wakubwa walimjua kwa jina. Mkataba wake ulipoisha, hakuomba nyongeza. Alipewa karatasi zake kwa heshima, akarudi Shinyanga akiamini kazi zitamgombania.

Usaili wa kwanza, kwenye mgodi mmoja mkubwa kule Geita, ulichukua dakika sita.

"Tuambie, jeshini ulikuwa unafanya nini hasa?" waliuliza.

"Mawasiliano ya setilaiti."

"Mitambo ya aina gani? Matatizo gani umewahi kuyatatua?"

"Siwezi kusema. Nilikula kiapo."

Wakatazamana, wakamshukuru kwa kuja. Cheti chake cha jeshi kilijaa namba na vifupisho ambavyo hakuna mtu mezani pale aliyevielewa. Usaili wa pili ukawa hivyo hivyo. Lakini jioni ya ule wa kwanza Violeth alimpigia akiwa na furaha tele: "Umepata?" Naye, akishindwa kuizima ile furaha, akasema: "Nimepata." Baada ya hapo kila siku ilidai uongo mwingine.

Masudi aliporudi na soda zake alimkuta amekaa juu ya ndoo ya saruji.

"Ameondoka?"

"Ameondoka."

"Sajini, mimi ni mtu wa maneno mengi, utanisamehe. Umemwandikia uongo siku tisini. Sasa mwandikie ukweli, hata asipojibu."

Jioni ile Sostenes alishika simu muda mrefu kabla ya kuandika:

"Leo nimefunga madishi mawili Maganzo. La pili sikulimaliza, nimeliacha juu ya paa. Samahani kwa kile kiti cha getini."

Hakujibiwa. Kesho yake akaandika tena: "Leo kazi ilikuwa moja tu. Mteja kasema nimechelewa, na kweli nilichelewa." Siku iliyofuata: "Leo sikupata kazi. Nimeshinda dukani kwa Masudi." Hakupamba wala kubembeleza. Aliandika kilichotokea, akalala.

Siku ya tisa simu ikalia mchana. Ujumbe wa neno moja kutoka kwa Violeth.

"Umekula?"

Sostenes aliusoma mara nne. Akajibu: "Bado. Nilipika ugali ukaungua."

Simu ikaita papo hapo.

"Ugali unaunguaje kwa mtu aliyelishwa na jeshi miaka kumi na miwili?"

"Jeshini sikuwa mpishi."

Alimsikia akizuia kicheko. Kisha sauti ikawa ya kazi.

"Sikiliza. Hii haina maana nimekusamehe."

"Nimeelewa."

"Kuna mafundi wamekuja kufunga intaneti ya dishi hapa zahanati. Kampuni yao iko Geita mjini, inahudumia kambi za utafiti wa madini na vituo vya afya. Wamesema wanatafuta watu. Nimechukua namba."

Sostenes akavuta pumzi. "Violeth, nitaenda kuwaambia nini? Wakiniuliza nilichofanya, mdomo unajifunga. Nilikula kiapo."

"Kiapo cha nini?"

"Cha siri."

"Mimi je, sina siri?" Violeth aliuliza. "Nikikutwa sokoni nikitaja fulani anaumwa nini, nafukuzwa kazi. Lakini ukiniuliza najua kufanya nini, nitakwambia nimezalisha wanawake zaidi ya mia mbili, na wengine mtoto alikuja katanguliza miguu. Hapo nimemtaja nani? Mlikuwa wapi, lini, na kulisemwa nini, hizo ni siri, kaa nazo. Ulivyoipata setilaiti kwa mkono wako wakati wa mvua, hiyo ni kazi yako. Iseme!"

Kwa Sostenes ilikuwa kama mtu amewasha taa chumbani ambamo yeye amekuwa akijigonga kwa miezi.

"Upo?"

"Nipo. Asante."

"Haya, kapike ugali mwingine."

Meneja wa ile kampuni aliitwa Klara, mama wa makamo mwenye miwani shingoni. Sostenes aliingia ofisini, akasimama wima kama mbele ya gwaride.

"Kaa, baba. Hapa tunakaa," Klara alisema huku akitabasamu. "Jeshini ulikuwa unafanya nini?"

Sostenes akavuta kiti, akakaa.

"Mahali na wakati sitasema, mama, nilikula kiapo. Ila kazi yenyewe nitakueleza. Nilikuwa nikipewa masanduku sita na watu wanne, tunashushwa mahali pasipo na kitu. Nalisimamisha dishi, natumia dira kujua upande, nalisogeza kidogo kidogo mpaka mawimbi yakamate. Mawasiliano yakikatika usiku wa dhoruba, mimi ndiye naamshwa. Nimewahi kutengeneza kwa saa kumi na moja mfululizo kwa sababu ya kebo moja iliyotafunwa na panya."

Klara akavaa miwani. "Panya?"

"Panya, mama. Nilitafuta tatizo angani, kumbe liko miguuni kwangu."

Klara akacheka, akainuka. "Twende uani."

Uani kulikuwa na dishi limelegezwa bolti zote. "Nipe mawasiliano," Klara akasema, akaangalia saa yake.

Sostenes alikunja mikono ya shati. Akalikaza, akalielekeza, akasoma mita ya mawimbi. Yalikuja, lakini dhaifu. Akalisogeza tena, hakuna mabadiliko. Jasho likamtoka. Akaacha kulisogeza, akaifuata kebo mpaka mwisho wake, akafungua kiungio. Tone la maji likamdondokea kidoleni. Akakata ncha, akafunga upya, na mita ikapanda.

"Dakika ishirini na mbili," Klara alisema. "Sasa nikwambie ukweli. Mikono yako ni ya fundi mkuu. Lakini wateja wangu hawawezi kukisoma cheti chako, lazima ufanye mtihani wa ufundi wa huku uraiani. Mpaka ufaulu, utakuwa fundi msaidizi. Mkuu wako ni Kalisti. Ana miaka ishirini na sita."

Sostenes alikuwa na thelathini na tano. Aliwakumbuka watu waliompigia saluti. Ilimchoma, asingeweza kusema haikumchoma.

"Huyo Kalisti anaanza kazi saa ngapi?"

"Saa moja."

"Atanikuta."

Kabla hajavuka barabara alikwisha kumpigia Violeth, akamweleza yote: panya, tone la maji, Kalisti, na lile neno msaidizi.

Violeth akamsikiliza mpaka mwisho. "Hilo la mwisho ungeweza kulificha."

"Ningeweza."

"Jumapili twende kwa baba," akasema, sauti imelegea. "Lakini utaongea wewe."

Mzee Mageni, baba yake Violeth, alikuwa mfugaji nje kidogo ya Runzewe, na hakuna mtu mnadani ambaye hakuwa amesikia kwamba binti yake anaolewa na mwanajeshi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, afande! Karibu, kaa."

"Baba, mimi si afande tena." Sostenes hakukaa. Akaeleza kila kitu, mpaka kile kiti cha getini.

"Ulimdanganya binti yangu?"

"Ndiyo, baba."

"Na mimi?"

"Na wewe, baba. Naomba radhi."

Mzee akamgeukia Violeth. "Mayu, mama yangu, wewe unasemaje?"

"Nilikasirika, baba. Hata sasa nikikumbuka nakasirika. Lakini tangu siku ile hajaniambia neno nikalikuta sivyo. Na nimechunguza. Masudi wa Maganzo ameshachoka na simu zangu."

Sostenes akamtazama kwa mshangao. Violeth hakujali.

Mzee Mageni alijikuna kidevu. "Wanaoposa huja kujisifu. Huyu kaja kujishtaki." Akamtazama Sostenes juu mpaka chini. "Gwanda nililipenda, sitaficha. Sasa mnadani nitawaambia ni nani?"

"Fundi msaidizi, baba," Sostenes akajibu.

"Wa nini?"

"Wa setilaiti."

"Hizi zinazopita angani?"

"Ndiyo, baba."

"Ziko juu huko, naye anazirekebisha akiwa hapa chini?"

"Anarekebisha mitambo ya kuongea nazo," Violeth akadakia.

Mzee akaanza kucheka, mabega yakimtikisika. "Wabeja, asante! Hiyo mnadani inatosha na kubaki. Kaa chini, mwanangu. Tupange tarehe."

Sostenes alifaulu mtihani mwezi wa sita. Mwezi wa nane wakafunga ndoa Runzewe, Eufrasia akiongoza vigelegele, na aliyesimama upande wa bwana harusi, suti imembana mabegani, alikuwa Kalisti.

Wiki ya pili ya ndoa, Sostenes alipangiwa kwenda kambi moja ya utafiti msituni. Violeth alimkabidhi begi mlangoni.

"Unarudi lini?"

"Jumatano, saa kumi jioni."

Jumatano ile Violeth alitoka kazini mapema, akabandika maharage jikoni. Saa tisa na nusu, pikipiki ya kampuni ikaingia uani, Sostenes akiwa ameipanda, nusu saa kabla ya ahadi yake.