Kofi la Kufunga Karamu

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata Nishiwaki, tunayekaa naye meza moja ofisini, mtu asiyeweza kudanganya hata umri wake. Mkitaka kucheka, chekeni.

Mwaka huo yeye ndiye aliyeangukiwa na kazi ya kuandaa safari ya wafanyakazi, basi akatangulia peke yake kukagua nyumba ya wageni kule ufukweni. Ilikuwa majira ya baridi, wageni hakuna. Mwenye nyumba, Bi Kuwabara, akamfikisha mlangoni pa ukumbi wa karamu.

"Madirisha tumeyaziba kwa mbao, mwanangu, upepo umezidi. Ngoja nikawashe umeme."

"Usijali, mama. Nataka kujua sauti inafika wapi. Bosi wetu anaongea kama mbu!"

Mama akaenda zake akicheka. Mbele ya Nishiwaki kulikuwa na giza totoro, na bahari ikinguruma nyuma ya mbao.

Kwetu karamu haiishi hivihivi. Mmoja hupaza mwito, wote wakapiga kofi moja kwa pamoja, kisha wakainuka na kutoka. Basi Nishiwaki akaujaribu mwito ule.

"Yoooo!"

Mkono mmoja ulishika koti, wa pili mkoba, kwa hiyo yeye hakupiga kofi.

Kofi likapigwa. Moja tu, la mikono mingi, kutoka gizani.

Halafu akasikia mikeka ikilia, kama watu waliokaa muda mrefu wanainuka.

Ukumbi ule una mlango mmoja tu, na ndipo alipokuwa amesimama.