Ngari Hajanona

Kila asubuhi, jua likiwa bado linahangaika na ukungu wa Kiminini, Nyaruai alikoroga uji wa mahindi. Alimpa mdogo wake Ngari kikombe kizima, kisha kingine. Mama yao, Bilha, alikuwa ameshakwenda kulima mashamba ya watu. Baba alichukuliwa na askari Hali ya Hatari ilipotangazwa, Waingereza wakiwasaka Mau Mau, na familia ikafukuzwa kwenye shamba la mzungu. Sasa walilala jikoni kwa Wilkista, mama wa kabila la Wabukusu, mwenye kicheko cha kuamsha kuku.

Maharagwe machache waliyopata, Nyaruai alimwekea mama, mshika jembe. Ngari, je? Mashavu yake yalikuwa ya mviringo, miguu iking'aa kama imepakwa mafuta.

"Mama, ona vile amenona!" Nyaruai alimwambia Wilkista siku moja.

Wilkista hakucheka. Alibonyeza mguu wa Ngari kwa kidole gumba. Shimo likabaki palepale, kama kwenye udongo mbichi.

"Hajanona, mwanangu. Amevimba. Si unaona hata hachezi? Twende hospitali Kitale."

"Lakini sisi Wakikuyu hatuna ruhusa ya kupita. Askari watatushika!"

"Na tukikaa hapa, atatutoka."

Wilkista alimfunga Ngari mgongoni. Ukungu ukawameza. Miti ilikuja, ikapotea, na Nyaruai akahisi kama anatembea ndani ya ndoto ya mtu mwingine. Ghafla ukungu ukatoa buti, kisha bunduki, kisha sauti.

"Simama! Mtoto wa nani huyo?"

"Ati wa nani? Bana, si unaona mgongo ni wangu? Ama wewe mama yako alikubeba na mkokoteni?"

Askari alicheka mpaka kofia ikamteleza. Akadhani wote wawili ni wanawe, akawaacha wapite.

Hospitalini, dresa Kemboi, msaidizi wa daktari, alimnywesha Ngari maziwa kidogo kidogo. Uvimbe ulipopungua, alibaki mwembamba kama njiti. Nyaruai akalia, akidhani mdogo wake amezidiwa.

"Usilie," Kemboi alisema. "Maji ndiyo yametoka. Sasa ndiyo tunamwona Ngari mwenyewe."

Majuma yalipita. Siku moja Wilkista alikuja kuwaona, akafungua chakula chake. Ngari akanyakua omena, vile visamaki vidogo vikavu, akatafuna, akacheka.

"Mwizi wewe!" Wilkista alipiga kelele, kisha akamgeukia Nyaruai. "Hukumnyima kwa ubaya, mwanangu. Uji ulijaza tumbo tu. Mwili wa mtoto unajengwa na maharagwe, maziwa, mayai, samaki. Mdogo ndiye anapakuliwa kwanza."

Wilkista akamsogezea Ngari sahani yote.