Kanga Yenye Pengo

"Nimesema ni ile ile! Niseme mara ngapi?" nilimfokea dada yangu Lydia.

"Sema mara mia, Naftali, lakini njoo utazame kwanza!"

"Nilishatazama!"

"Ulitazama wapi? Si ulikuwa ng'ambo ya barabara!"

Mvua ilikuwa inanyesha hapa Akheri tangu alfajiri, nyumba nzima giza, na sisi tunapigiana kelele. Ubishi wenyewe ni wa kanga. Enzi zile za Mdachi, Wajerumani walipotutawala, kanga haikuwa kitu cha mchezo. Mama alinunua doti moja mjini Arusha, akaikata vipande viwili. Kimoja alikivaa kanisani, kingine akakianika nje, akaniambia nikilinde. Mimi nikaenda zangu mtoni kuogelea. Kurudi, kanga hakuna.

Sasa ningemwambia nini Mama? Nikasema kaiba mtu. Siku moja kabla, kutoka ng'ambo ya barabara, nikamwona sokoni Shabani, mchuuzi wa nguo, kajitwisha mzigo, na juu yake kipande kimoja cha kanga ya maduara meusi yenye madoa mekundu. Nikapiga kelele, "Mwizi! Kanga ya Mama hiyo!" Shabani akasema kipande cha pili amempa mkewe. Nani amsikilize? Askari wa boma akaniuliza kama nina hakika. Nikajibu, "Ndiyo, bwana."

Basi. Shabani akalazwa chini, akapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, watu wote wanatazama. Siku mbili baadaye angefungwa mnyororo, apelekwe kuchimba barabara. Kanga tukapewa sisi.

Lydia akatandaza vipande vyote viwili kitandani, akafungua dirisha. "Hiki cha Shabani. Duara lina meno pembeni. Hesabu."

"Kumi na mawili."

"Na hiki cha Mama?"

Kumi na moja. Duara la pili, kumi na moja. Kila duara lilikuwa na pengo, pale pale juu kulia. Tena ule wekundu wa kipande cha Mama umemwagika nje ya mstari, na wa Shabani umetulia ndani.

"Labda ni sabuni," nikajitetea.

"Sabuni inapausha rangi, haing'oi meno!" Alitaka kunicheka, akashindwa.

Baba, fundi seremala, alikuwa amekaa pale pale na Mama. Akainuka, akapitisha kidole kwenye pengo. "Kibao cha kuchapia kanga yetu kilivunjika jino. Kila kilipogongwa kikaacha pengo. Doti moja hugongwa kwa kibao kimoja. Hiki cha Shabani si chetu." Akanigeukia. "Ulikuwa na hakika?"

"Nilikuwa mtoni, Baba. Nilitaka apatikane mtu."

Mama akajifunika uso. Hakuna aliyenipiga. Afadhali wangenipiga.

"Beba vyote viwili," Baba akasema. "Nenda boma ukawaonyeshe, na habari ya mtoni uiseme. Wakiona pengo hili, mnyororo hawatamfunga. Viboko hutavirudisha. Ndiyo maana, mwanangu, usimtaje mtu kwa kitu ambacho hukukitazama vizuri. Kama hujui, sema hujui, hata ukiaibika."

"Watanichapa mimi."

"Huenda."

"Hutanisindikiza?"

"Ulimtaja peke yako, Naftali."

Nikazikunja zile kanga, nikazificha kifuani zisilowe. Nikatoka, nikafunga mlango.